Stendi ya Keji, Niliyoitengeneza Bila Kuombwa

Vijana wa karakana, mmeniomba niwaandikie kazi yangu ilivyokwenda, na mimi najua mnachokitaka. Mnataka habari ya stendi ya Keji. Nimewasikia mkiisimulia pale dukani, mkidhani masikio yangu nayo yamestaafu, eti nilifukuzwa Lobule kwa mapanga. Hakukuwa na panga hata moja. Kulikuwa na jembe, tena moja tu. Nitaieleza mwenyewe, ila kwa utaratibu wangu, na asiye na subira aende akaoshe nati.

Maana mimi nilianzia kwenye nati. Siku ya kwanza kuingia karakana yetu ya vyombo vya muziki hapa Arua, nilivaa shati la kanisani nikitegemea kufundishwa dramu. Nikapewa mswaki uliozeeka na debe la nati zenye kutu. Siku ya pili nikapewa mswaki uleule na debe jingine. Siku ya tatu nikajipa moyo nikauliza, "Afande, dramu nitagusa siku gani?"

"Wewe nakimbilia wapi?" akasema. "Osha nati."

Huyo alikuwa Afande Taban, mtu wa Koboko, aliyepiga ngoma kubwa kwenye bendi ya jeshi mpaka alipostaafu akaja kutufundisha sisi. Alitoka jeshini na mgongo ulionyooka na sauti isiyojua chumba ni kidogo. Aliagiza chai kama anageuza paredi. Yote ninayoyajua alinipa yeye, pamoja na kosa langu kubwa, ingawa hilo alinipa kwa nia njema.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hivi: mwenye chombo anadanganya. Mteja akiingia na ngoma iliyopasuka, akifungua mdomo tu, Afande ananyanyua kiganja. "Nyamaza. Kaa nje kwa benchi. Acha kitu iseme yenyewe." Mteja anakaa nje, sisi tunapima ndani, na hatumwiti mpaka tumeshajua.

Msimcheke, alikuwa na sababu zake. Mashabiki wa mpira wa Onduparaka walituletea ngoma yao kila baada ya mechi. Timu ikishinda inakuja imepasuka juu, ikishindwa inakuja imepasuka ubavuni. "Ilipasuka yenyewe, mzee," wanasema, na kwenye ngozi kuna alama ya kiatu, unaweza kusoma mpaka namba. Kuna katekista alikuja na toazi limemeguka ukingoni, akasema ni panya. Afande akaligeuza, akaligeuza tena. "Panya ya kwenu iko na meno ya chuma? Utuletee moja, tunatafuta msumeno." Katekista akakiri kwamba alikuwa analitumia kufunikia sufuria ya maharage, likaanguka.

Basi nilikua hivyo. Afande alipofariki nilimlilia kama baba, nikakaa kwenye kiti chake, na kiganja changu nacho kikajifunza kunyanyuka.

Sasa tuje kwenye hai-hati. Kuna mmoja wenu ameajiriwa juzi, simtaji, anaiita "ile ya sahani mbili", kwa hiyo naeleza. Hai-hati ni matoazi mawili yamelaliana juu ya stendi. La chini halitembei. La juu limeshikwa na chuma chembamba kinachopita ndani ya bomba hadi kwenye pedali. Springi inalinyanyua toazi la juu, kwa hiyo hai-hati inakaa wazi. Mguu wa kushoto ukikanyaga pedali inafumba, chiki. Ukiachia inafunguka, shaaa. Stendi zote nilizopima maishani zilikuwa hivyo, na nimepima nyingi kuliko vikombe nilivyokunywea chai.

Kupima kwenyewe ni rahisi, ukiwa mvumilivu. Isimamishe kwenye saruji uitikise shingoni. Ikijibu, kuna nati imelegea. Halafu isimamishe kwenye udongo, kwa sababu makanisa yetu mengi hayana saruji, uone kama miguu inazama. Mwisho unaifumba na kuifungua mara mia moja ukihesabu kwa sauti. Kwa sauti, nasema, kwa sababu anayehesabu kimoyomoyo hufika sitini akasema mia. Ikimaliza mia bila kulia wala kulegea, unaandika IMEPITA na kugonga mhuri.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Jumanne, taksi ya Koboko ikashusha gunia la mihogo mlangoni kwetu. Ndani hamkuwa na mihogo. Mlikuwa na stendi ya hai-hati na kikaratasi: "Iko ya Keji wa Lobule. Tafadhali kupima tu. Rajab, fundi wa kuchomelea, Koboko."

Kabla sijaendelea niwaambie jambo ambalo mimi wakati ule sikulijua, ili msipotee kama nilivyopotea. Keji alikuwa mpiga dramu wa kwaya ya kanisa lao Lobule tangu akiwa msichana, na sasa ni mama wa watoto wawili. Mguu wake wa kushoto uliugua utotoni. Goti ni zima, lakini chini ya goti hauna nguvu ya kukanyaga kitu. Seti yao ya zamani haikuwa na hai-hati, kwa hiyo hakuna aliyeuliza habari za mguu. Ndipo kanisa likanunua seti nyingine kutoka kwetu, yenye kila kitu. Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Lemi, akatangaza kwamba seti mpya inataka mtu wa miguu miwili, na kwa bahati nzuri mpwa wake alikuwa nayo yote miwili. Keji akakataa kutoka kwenye kiti. Mwishowe wakakubaliana hivi: alete stendi anayoiweza, iwe na mhuri wa karakana ya Arua, kabla ya Jumapili ya mkutano wa kwaya zote. Asipoleta, kiti ni cha mpwa, moja kwa moja.

Rajab ni mjomba wake Keji. Alikaa na baiskeli mbovu, bomba na akili yake, akamtengenezea hiyo stendi iliyofika kwangu ndani ya gunia.

Mimi niliitoa nikacheka mpaka nikashika meza. Haikuwa na pedali! Mahali pa pedali palining'inia waya wa breki ya baiskeli. Springi ilikuwa imefungwa kinyume: badala ya kulinyanyua toazi la juu, ilikuwa inalivuta chini, kwa hiyo hai-hati ilikaa imefumba tu kama mtu aliyenuna. Chuma cha katikati kilizidi kwa shibiri nzima. Na ubavuni palifungwa kibao chenye mpira wa sapatu. Nikafikiri, hawa watu wa Koboko, kufunga mzigo hawajui, kibao chote hiki cha nini?

Nikasema moyoni, masikini, fundi wa vijijini amejaribu. Nikaona huruma. Na kikaratasi kilisema "kupima tu", nilikisoma, sikatai. Lakini ningerudishaje kitu kibovu namna ile? Nikageuza springi ikae sawasawa. Nikachukua msumeno nikakata ile shibiri iliyozidi. Nikafunga pedali nzuri kutoka kwenye stoo yetu. Kile kibao nikakiweka chini ya birika, tukachemshia chai. Halafu nikapima, mia moja kwa sauti, na stendi haikulia hata mara moja. Nikaandika: "Imerekebishwa, imefungwa pedali, bila malipo. IMEPITA." Nikagonga mhuri. Alhamisi nikaituma Koboko, nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimemsaidia mtu.

Ijumaa asubuhi simu ikalia.

"Wewe ndio fundi Drani?"

"Ndiye mimi," nikasema, nikajiweka vizuri kitini kupokea shukrani.

"Mi Rajab wa Koboko. Stendi yangu iko wapi?"

"Si nimeituma jana? Haijafika?"

"Imefika kitu ingine. Mi nauliza yangu."

"Ndiyo hiyohiyo, bwana. Nimeinyoosha kidogo."

Akauliza, polepole: "Kibao iko wapi?"

"Kibao gani?"

"Kibao ya goti!"

"Aa, kile cha kufungia mzigo?"

Nikamsikia akiwageukia watu waliokuwa karibu naye. "Eti kibao ya kufunga mzigo. Wallahi, eti ya kufunga mzigo." Akarudi kwenye simu. "Mzee, hiyo kibao nataka. Iko wapi?"

Ndugu zangu, ningeweza kudanganya. Mwenye chombo anadanganya, fundi naye anaweza. Lakini ulimi uliniwahi. "Tulichemshia chai."

Hapo akanieleza yote, kwa sauti ambayo simu haikuihitaji. Hai-hati ya Keji inakaa imefumba yenyewe, kwa sababu mguu wake hauwezi kukanyaga kuifumba. Akitaka kuifungua, anasukuma kibao kwa goti kwenda nje, waya wa breki unavuta, chuma kirefu kinalinyanyua toazi. Pedali haikusahauliwa, haikuhitajika. Springi haikukosewa. Na ile shibiri ndiyo iliyoshika ule waya.

"Kesho kutwa ni Jumapili," akasema Rajab. "Mtoto iko nakaa tu, natazama hii pedali yako."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka thelathini na kitu, sikuwahi kukata kitu cha mtu kwa msumeno bila kumuuliza kifanye nini. Hapana, nimekosea: sikuwahi kumuuliza mtu kitu chake kifanye nini, basi, na siku zote hizo ilikuwa bahati tu.

Jumamosi alfajiri nikakodi taksi ya Afeku, jirani yangu, nikampitia Rajab Koboko na sanduku lake la vyuma. Ni mtu mfupi, ana kofia ya Ijumaa iliyotobolewa na cheche. Alikaa mbele, mimi nyuma, na tangu mjini hadi Lobule hakugeuka. Aliongea na Afeku habari za matairi.

Kwa kina Keji tulipokelewa na mama yake, aliyekuwa anatoka kwenye shamba la karanga na jembe begani. Ndilo hilo jembe. Akalishusha, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Ndio huyu?" akamuuliza Rajab.

"Ndio huyu."

"Ndio alipikia chai goti ya mtoto wangu?"

Nikasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha." Akaegemea jembe akasema msamaha atausikia kesho kanisani, ukipigwa. Hivyo tu. Sasa panga liko wapi?

Keji mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni anamenya mihogo, na stendi yangu nzuri imesimama pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. "Karibu, mzee," akasema. "Umekula?" Afadhali angenitukana. Akasogeza kigoda, akanionyesha kwa goti lake hewani jinsi anavyofungua: kushoto, rudi, kushoto, rudi. Lilikuwa sawa na saa. "Mguu huku chini haisikii," akasema. "Goti inasikia. Goti tangu zamani inasikia. Wewe hukuniuliza."

"Sikukuuliza," nikasema.

Kazi ikaanza. Pedali niliifungua, springi nikaigeuza mwenyewe; ile iliyochukua dakika kumi kuharibika ilichukua nusu saa kupona. Tatizo likawa chuma cha katikati. Rajab akakiulizia kile kipande nilichokata. Nikamwambia mke wangu anakitumia kuchokolea mkaa. Akafumba macho kidogo. Hata kingekuwepo, kuunga kusingefaa, kingekatika katikati ya wimbo. Tulihitaji chuma kizima, chembamba, kigumu, kilichonyooka, na duka la vyuma liko Koboko, na mwenye duka alikuwa amekwenda msibani Congo.

Rajab akasimama, akaizunguka taksi ya Afeku. Akaizunguka tena. Akafungua boneti. Akakiangalia kile chuma kinachoishikilia boneti isianguke.

"Hapana," akasema Afeku.

"Mi sijasema kitu."

"Macho yako nasema. Boneti nitashikilia na nini?"

"Na kijiti."

"Rajab, mutu atapanda taksi ya kijiti?"

"Abiria nakaa ndani ya boneti?"

Afeku akanitazama mimi, mimi nikawatazama kuku. Kisha akamtazama Keji, ambaye alikuwa ameacha kumenya mihogo. Hakumwomba. Alikuwa anakitazama tu kile chuma, na goti lake lilikuwa linakwenda lenyewe: kushoto, rudi. Afeku akapiga kite. "Toa," akasema. "Toa haraka, kabla akili hajarudi."

Rajab akakata, akapiga tupa, akachonga meno ya nati kwenye ncha, nikimshikia. Waya wa breki ulikuwepo. Ikabaki shida ya kibao. Mama mtu akaingia jikoni akatoka na kibao chake cha kukatia mboga, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. "Hii," akasema, "usipikie chai."

Saa tisa alasiri Keji alikaa, akasukuma goti. Shaaa. Akarudisha. Chiki. Mama yake akageukia ukuta akajifuta kwa kitenge, na mimi nikajifanya naokota nati.

Mnadhani imekwisha? Jumapili kanisa lilijaa hadi nje, kwaya za kila upande na sare za kila rangi. Keji akaketi kwenye dramu. Mzee Lemi akaja na karatasi yangu ile ya Alhamisi mkononi, miwani puani, mpwa wake nyuma yake ameshashika vijiti.

"Karatasi ya Arua nasema stendi iko na pedali," akasema Lemi kwa sauti ya watu wote. "Hii haina pedali. Karatasi si yake. Kwa hiyo mhuri hakuna."

Na alikuwa na haki, ndilo lililoniuma! Niligonga mhuri kwenye kitu kisichokuwa cha Keji. Nikasimama.

"Karatasi hiyo ni ya uongo," nikasema, "na mwongo ni mimi. Stendi ililetwa nzima nikaiharibu. Naipima upya, hapa hapa, mbele yenu." Nikaichukua karatasi kwa Lemi nikaichana. Halafu nikafanya jambo ambalo Afande Taban angenipigia mguu chini: nikamgeukia mwenye chombo. "Keji, tuambie kwanza. Hii kitu inafanya nini?"

Akawaeleza, kwa maneno machache, akionyesha kwa kidole. Mpaka watoto wa mbele walielewa. Nikaitikisa shingoni, haikujibu. Udongo tulikuwa nao chini ya miguu, haikuzama. Nikasema, "Sasa mia moja," nikaanza kuhesabu.

Kufika kumi, kwaya ya watoto wakajiunga. Kufika thelathini, kanisa zima. Keji naye akachoka kufungua na kufumba bure, akaongeza mkono wa kulia, kisha ngoma kubwa kwa mguu wa kulia, na hesabu ikageuka wimbo. "Sitini na nane! Sitini na tisa!" Akina mama walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele kwenye kila kumi. Rajab, ambaye ni Mwislamu na alisema atasubiri nje, alikuwa dirishani na kofia yake anahesabu kuliko Wakristo. Kwenye mia nikanyanyua mkono wasimame. Hawakusimama. Walifika mia moja na arobaini.

Nikaandika IMEPITA kwenye karatasi mpya, nikagonga mhuri niliokuja nao, juu ya mgongo wa Afeku maana meza haikuwepo. Lemi akasoma, akageuza nyuma, akasoma na nyuma ambako hamna kitu. "Kiti ni ya Keji," akasema hatimaye. "Lakini akiugua? Nani mwingine ataweza kitu hii?"

"Mimi hapa," nikasema. Kiburi hicho! Siku yote nimetubu, na bado kilikuwa kimebaki. Keji akanipa vijiti, akasogea. Nikaketi. Goti langu likaenda nje, mkono nao ukaenda nje. Nikarudisha goti, mguu wa kulia ukapiga ngoma kubwa bila ruhusa. Mara ya tatu nilikiangusha kibao cha mboga. Kanisa lilicheka hadi mchungaji akakaa chini.

Keji alisubiri kelele zitulie. Akaichukua ile karatasi kwa Lemi, akaomba kalamu yangu, akaandika mstari chini ya mhuri wangu, akausoma kwa sauti: "Stendi imepita. Fundi hajapita. Arudi Jumamosi."

Ndiyo maana tangu nistaafu hamnioni Jumamosi. Nakwenda Lobule, naketi kwenye dramu, na Keji anasimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti. Wiki iliyopita nilifika arobaini na mbili kabla goti halijapotea. Akaniambia nikae nje kwenye benchi, nipumzike, halafu nianze tena kutoka moja.